Kiti cha Vernell

Vernell Stubblefield aliingia studio, pale Nashville, na gitaa lake la stili, lile la kulazwa juu ya miguu minne, lenye pedali chini. Pale alipokaa miaka ishirini na sita akakuta wapiga fidla wanane.

"Leo pumzika, mzee," akasema Pruett, prodyuza mpya. "Redio za mjini zimechoka na kilio cha stili cha mashambani."

"Nimeitwa kwa masaa matatu, nitakaa masaa matatu."

"Fungasha, bwana!"

"Fungasha wewe na fidla zako."

Akalifungia gitaa miguu yake minne, akaketi pembeni, mkononi kipande chake cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi. Alijua fika kwamba wimbo huu wa mwimbaji Oleta Cagle ukitoka bila stili, hakuna studio itakayompigia simu tena. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Mtu aliyeulea muziki huu tangu kwenye kumbi za dansi za Texas hafukuzwi kama kuku aliyeingia sebuleni.

Fidla zikaanza, tamu kupita kiasi. Oleta akaingia kuimba, akapotea. Wakarudia, akapotea tena. Mara ya tatu akapiga kelele, "Jamani, naanzia wapi?"

Pruett hakujua. Vernell alijua. Miaka yote hiyo, kabla Oleta hajafungua kinywa, stili ndiyo iliyompa sauti ya kuanzia. Hawakuwahi kulizungumza, ilikuwa desturi yao tu.

Mara ya nne, Vernell akatelezesha chuma juu ya uzi mmoja. Oleta akaingia sawasawa, akauimba wimbo hadi mwisho bila kujikwaa.

"Safi!" Pruett akapiga makofi. "Mzee, hiyo noti moja tunaiacha. Nyingine, hapana."

Vernell akainama, akaanza kufungua miguu ya gitaa. "Mimi sitoi sadaka ya noti moja. Nyimbo nzima nzima, au naondoka."

"Nenda. Noti yako iko kwenye kanda tayari."

"Zimebaki nyimbo tisa, Pruett," akasema Oleta, akivaa koti lake. "Utaziimba wewe?"

Pruett akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Haya, mzee. Piga."

Vernell hakugusa uzi. Akanyoosha kidole kwa wapiga fidla.

"Kwanza wasogee hao. Kiti changu ni kile pale."