Kabla ya Majani Kupukutika

“Ukimaliza kabati utachoma nini? Miguu yangu?” aliuliza Philomène.

“Miguu yako haina mafuta, Mama. Haiwezi kuwaka.” Zélie aliivunja droo ya pili juu ya goti na kuisukuma ndani ya jiko la chuma.

“Kabati hilo lilikuwa la mama yangu.”

“Na kifua hicho ni cha mjukuu wako. Hebu msikilize.”

Wakamsikiliza. Odile, mtoto wa miaka minne, alilala kwenye benchi karibu na jiko, amefunikwa koti la baba yake. Kila alipovuta pumzi kifua kilikwaruza kama ufagio wa njiti sakafuni. Philomène alimbandika kifuani kitambaa kingine chenye haradali, kulegeza kikohozi. Zélie alitazama nje ya dirisha, na mama mkwe wake akaona anatazama nini.

“Mti ule, hapana.”

“Sijasema kitu.”

“Macho yako yameshashika shoka.”

Nje kulikuwa na mjozi, mti mrefu wa njugu za jozi. Mume wa Philomène, ambaye sasa ni marehemu, aliupanda wiki aliyozaliwa mwanawe Anselme, kama ilivyofanywa katika kijiji kile kwa kila mtoto wa kiume. Ilikuwa Januari, theluji imefika chini ya dirisha, na mjozi ulikuwa na majani yake yote. Yalikuwa ya manjano, makavu, na kila moja lilibeba theluji yake kidogo.

Mwezi Agosti, ngoma ya kuwaita wanaume vitani ilipopita barabarani, wakubwa walisema vita vitakuwa vifupi na kila mtu atarudi kabla ya majani kupukutika. Padri alirudia maneno hayo kanisani, na Anselme akamwambia mkewe Zélie vivyo hivyo getini. Miti nayo ilisikia. Vuli ilipofika, miti ya nchi nzima ilipukutisha majani kama desturi, isipokuwa ile iliyosimama karibu na mahali majeshi mawili yalipokwama. Hiyo ilishikilia majani yake. Kutoka kilima cha kanisa ungeweza kuiona yote, barabara ya dhahabu juu ya theluji, ikitoka kaskazini iliko bahari na kwenda kusini mpaka macho yaishie, na mahandaki ya askari yakiifuata chini yake. Jumapili watu walitoka kwenye misa wakasimama kuitazama. Wanaume wazee hawakurudisha kofia vichwani mpaka wafike kwao.

“Maadamu majani yapo, hajachelewa,” alisema Philomène. “Ukiuangusha mti wake, umeyaangusha kwa mkono wako.”

“Hatujasikia habari zake tangu mapigano ya mto Marne, Septemba.”

“Ndiyo maana.”

Zélie alisukuma ubao mwingine ndani ya jiko. Kijiji chao kilikuwa kimepikia makaa ya mawe ya mji wa Lens tangu enzi za babu zao. Machimbo yalikuwa karibu kiasi kwamba king’ora chake ndicho kilichowaamsha, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuweka akiba. Kila nyumba ilinunua makaa Novemba, baada ya kuuza viazisukari. Anayekaa kando ya mto hajazi mitungi. Novemba ilipofika, Lens ilikuwa upande wa pili wa mahandaki, mikononi mwa Wajerumani. Kupitia matawi ya mjozi walikiona kilima cheusi cha taka za makaa cha Lens, kisichoshika theluji kwa sababu ndani yake kulikuwa na moto. Walikitazama huku wakitetemeka. Nyua za mbao zilikuwa zimeshachomwa na askari, na miti mingine ilikatwa ikaenda kushikilia kuta za mahandaki.

Koplo Thuillier, aliyekuwa akilala pamoja na askari wake kwenye banda lao la ng’ombe, aliingia na ndoo kuomba maji. Alikung’uta viatu mlangoni na kuweka nusu ya mkate wa jeshi mezani, upande wa juu ukitazama chini. Philomène aliugeuza haraka, kwa maana mkate uliopinduliwa huita mauti nyumbani.

“Samahani, mama. Kule mstari wa mbele tunaula hata ukiwa umekanyagwa.”

“Hapa si mbele.”

“Ni hatua chache tu.” Alichota maji. “Jana tulimkamata Mjerumani mmoja, fundi seremala. Tulipompitisha chini ya mti wenu alisimama akavua kofia. Anasema kwao nao waliambiwa hivyo hivyo. Kabla ya majani.”

“Majani haya haya?” aliuliza Philomène.

“Hakutaja mti, mama.”

“Sasa mbona hawaendi kwao?”

“Waende vipi? Agosti walichukua makaa yetu na chuma chetu. Mtu akishaota moto kwa jirani, haondoki kwa hiari. Na sisi tuliwarudisha nyuma kule Marne, tukaonja ushindi, kwa hiyo hatutaki kusikia suluhu. Wangeshinda kabisa, au wangeshindwa kabisa, leo ningekuwa kwetu nakamua ng’ombe. Wameshinda nusu, wameshindwa nusu.” Alionyesha dirishani kwa kidevu. “Nusu hizo ndizo zimesimama pale.”

“Mpaka lini?”

“Mimi ni koplo tu, mama.” Akabeba ndoo yake akatoka.

Philomène alikaa akitazama mlango uliofungwa. Odile alikohoa kikohozi kirefu, na kilipoisha midomo yake ilikuwa ya samawati. Philomène akasimama.

“Msumeno uko nyuma ya pipa,” alisema. “Unataka watu wawili.”

“Najua. Nilimwomba Bibi Dufresnoy, akanifungia mlango.”

“Ulimwomba jirani kabla yangu?”

“Ungekubali?”

“Hapana,” alisema Philomène, akiingiza miguu kwenye viatu vya mbao vya marehemu mumewe. “Na kuni mbichi za mjozi hufuka tu.”

“Tutazichanganya na kabati.”

Chini ya mti, Philomène aliweka kiganja juu ya gome, kama mtu anayepima homa, kisha akashika mpini wa msumeno upande wake. Walivuta kwa zamu, mmoja akipokea mwingine akitoa, bila kutazamana. Mjozi ulilia, ukainama upande wa barabara, ukaanguka.

Matawi yalishuka matupu. Majani yalibaki juu. Yalibaki pale pale yalipokuwa, kila moja mahali pake na theluji yake, mti mzima wa majani usiokuwa na mti, na kati yake kilima cheusi cha Lens kilionekana vizuri kuliko zamani. Askari walitoka bandani mmoja mmoja, wakavua kofia zao.

Philomène aliinua uso akayatazama kwa muda mrefu.

“Hajachelewa,” alisema.

“Bado,” alisema Zélie. “Shika upande wako, Mama. Giza linaingia.”

Wakakata gogo la kwanza. Kule kwenye mahandaki mizinga ya pande zote mbili ikaanza, kama kila jioni. Majani yakatikisika hewani, na hakuna hata moja lililodondoka.