Rambirambi ya Miaka Miwili

Kijana aliingia dukani kwa Adelina saa nne asubuhi, akavua kofia, na badala ya kuangalia chupa za asali zilizopangwa rafuni akaangalia sakafu. Mkononi alikuwa na bahasha nyeupe. Akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

Adelina aliacha kufuta mzani. "Marahaba. Msiba wa nani?"

"Wa mzee Ambrosi."

Ambrosi, mumewe, alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita. Tanga liliondolewa zamani, na msalaba wa kaburi ulishapauka rangi. Mtu gani huleta rambirambi kwa kuchelewa namna hiyo? Adelina aliwajua wa aina mbili tu: tapeli, na mtoto wa nje.

Akamkagua kijana taratibu. Macho yake yakaishia masikioni. Marehemu alikuwa na masikio yaliyosimama kama mikono ya sufuria, na ya huyu nayo hayakulala.

"Unatoka wapi, baba?"

"Igunga, mama. Naitwa Gerson. Nimemaliza chuo mwaka jana, mambo ya kompyuta. Nimeitwa huku Tabora kwenye usaili, mama akasema nisirudi bila kutoa pole. Yeye ndiye kaituma bahasha, alikuwa akinunua asali kwa mzee." Akatazama rafu kwa mara ya kwanza. "Kumbe duka lipo!"

"Kwa nini lisiwepo?"

"Si lilifungwa? Tuliona mtandaoni."

Ndivyo wanavyoanza, Adelina aliwaza. Leo duka limefungwa, kesho limeuzwa, keshokutwa kuna kijana mlangoni anadai urithi.

"Nionyeshe hapo ulipoona."

Gerson akatoa simu, akafungua tovuti ya duka. Wakasubiri. Kiduara kikazunguka mpaka Adelina akamaliza kufuta mzani. Kisha kwaya ikaanza kuimba wimbo wa mazishi, na Ambrosi akajitokeza, suti nyeusi, maua pembeni, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Picha ilijaza kioo chote. Mtu alipaswa kuteremsha ukurasa sana kabla ya kuliona jina dogo, Asali ya Msafara, ambalo Ambrosi alilichagua kwa sababu barabara ya mbele ya duka, iendayo Kwihara, ilikuwa njia ya misafara ya zamani.

Tovuti aliitengeneza mpwa wao aliyeko Dar es Salaam. Picha ni Adelina mwenyewe aliyeiagiza, wiki ileile ya mazishi. "Mwenye nyumba hukaa mbele," alimwambia mpwa. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua milango, huifungua tovuti, humsalimia mumewe, husoma salamu mpya za pole. Zilikuwa zimepita mia tatu.

"Watu wanampenda," alisema. "Soma mwenyewe."

"Naziona, mama. Na walioagiza asali?"

Adelina akatazama mlango wa stoo. Humo, madumu ya misimu miwili yalikuwa yamepangana hadi dirishani. Mzee Lugembe, msemaji wa warina asali wa kijiji cha Kigwa, alikuwa amesema bila kuficha: mzigo huo usipopungua kabla ya msimu mpya, wao watauza asali yao mpya kwa mchuuzi mwenye lori. Na bila asali ya Kigwa hakuna duka.

"Anayefungua hapa hajui kama kaingia dukani," Gerson alisema kwa upole. "Anaona kafika msibani. Nipe neno la siri nikurekebishie leo hii. Sitaki kitu."

Hilo la "sitaki kitu" ndilo lililomtisha zaidi. Asiyetaka kitu huwa anataka vyote. Adelina akamwita Consolatha, muuza chapati wa mlango wa pili, aje akae kizingitini. Consolatha alikuja na chapati yake mkononi, akatafuna, akamtazama mgeni, kisha akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mwenzangu, masikio hayo!"

"Nimeyaona." Adelina akamgeukia kijana. "Sema kweli. Wewe ni mtoto wa Ambrosi?"

Gerson akapaliwa na mate. "Mimi? Hapana, mama! Baba yangu ni Bundala, fundi baiskeli. Yuko hai, na anakoroma mpaka majirani wanajua!"

"Na masikio?"

"Ya mama yangu."

"Mpigie."

Simu ikaita. Mama yake, Sayi, alianza kulia kabla hata salamu hazijaisha. "Pole, mwenzangu, pole! Tulivyoiona ile picha nikamwambia Gerson, duka nalo limekufa na mwenyewe. Ningeanzaje kumpigia mfiwa nikamuuliza bei ya dumu? Siku hizi nachukua kwa mwingine, na asali yenyewe chungu kama kwinini!"

Simu ilipokatwa, Consolatha akajifuta vidole. "Analia vizuri. Ila sauti haionyeshi masikio."

Adelina naye hakuridhika. Mtu mmoja si watu, na mama anaweza kupangwa. Akaisukuma bahasha kuelekea kwa kijana.

"Sikiliza. Tutawapa watu simu, tuwaambie wanunue asali humo. Nikiona kwa macho yangu watatu wanashindwa, picha naitoa mimi, kwa kidole changu, leo. Wasiposhindwa, unachukua bahasha yako na unakwenda zako."

"Nakubali. Ila usiwasaidie, mama. Hata kwa neno moja."

Wa kwanza alikuwa muuguzi wa hospitali ya Kitete aliyefuata chapati. Wimbo ulipoanza, aliifunika spika kwa kiganja kama mtu aliyechekea kanisani. "Samahani, nimegusa pabaya," akasema, akairudisha simu. Wa pili, mseminari wa Kipalapala aliyekuwa akisubiri bodaboda, alifanya ishara ya msalaba na kuuliza maziko yatakuwa saa ngapi. Adelina aliuma ncha ya kanga. Teremsha, alisema moyoni, teremsha basi, asali iko huko chini! Gerson aliandika tu kwenye daftari lake dogo, na kuandika huko nako Adelina hakukupenda.

Mchana akafika Lugembe mwenyewe kuulizia mzigo. Adelina akapata tumaini. Huyu anajua asali ipo, maana ameirina kwa mikono yake! Akampa simu.

Kwaya ikaimba. Mzee akavua kofia, akasimama wima mpaka ubeti ulipokwisha, kisha akarudisha simu.

"Si ununue!" Adelina alishindwa kujizuia. "Nimekwambia ununue!"

"Mbele ya Ambrosi?" Lugembe alishangaa kweli. "Adelina, kwenye tanga mtu haulizi bei."

Adelina alimtazama Gerson, akitafuta ushindi usoni mwake, akakuta kijana ameinama.

"Si lazima iwe leo, mama," Gerson alisema. "Nenda nayo polepole. Hata baadaye tunaweza kumtafutia mzee nafasi ndogo ndani, panapoelezwa duka lilianzaje."

"Na salamu za watu?"

"Zimefungwa kwenye hiyo picha. Ikitoka, zinatoka nayo. Na mpya hazitakuja."

Hapo ndipo palipouma. Kwa miaka miwili kila asubuhi kulikuwa na mtu mahali fulani, Kahama, Singida, hata asikokujua, aliyekuwa akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba Ambrosi amefariki, na akashtuka. Maadamu watu walikuwa bado wakishtuka, kwake Ambrosi alikuwa amekufa jana tu.

Adelina akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyoandikwa neno la siri.

"Geukia ukutani," akamwambia Gerson.

Gerson akageuka, kofia kifuani. Adelina akaandika herufi moja moja, huku Consolatha akimkinga kwa mgongo wake mpana. Kulikuwa na salamu mpya ya asubuhi ile, kutoka Nzega. Akaisoma kwa sauti: "Poleni wafiwa, mzee alikuwa mtu wa watu." Akaisoma tena kimoyomoyo. Akagusa mahali pa kufuta picha, na simu ikamuuliza kama ana uhakika.

"Nilisema leo," alisema, bila kumwambia mtu, na akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka upesi, bila wimbo. Zikatokea chupa za asali, bei zake, namba ya duka. Lugembe, aliyekuwa amesimama muda wote huo kichwa wazi, akavaa kofia yake.