Upande Unaong'aa

Mshonaji alipoingia kwenye duka la vifaa vya ofisi, hakuuliza bei. Aliipapasa mashine kwanza. Hivyo ndivyo alivyonunua cherehani zake zote tatu maishani. Aliigonga printa ya kwanza ubavuni kwa ukucha, akasikia plastiki tupu, akabetua midomo.

"Hiyo ndiyo inayopendwa, mama," alisema dada muuzaji, huku akimsogezea kigoda bila kuombwa. "Bei yake ni ndogo kuliko zote, na picha inatoa safi."

Mshonaji akaketi. Kigoda kile alikuja kukikumbuka muda mrefu baadaye, maana watu wengi hawaoni magoti ya mzee mpaka mzee aanguke.

"Kuinunua si tatizo," ikasema sauti kutoka nyuma ya kaunta. "Tatizo ni kuilisha."

Mwenye sauti alikuwa fundi, amekaa sakafuni mbele ya printa iliyofunguliwa matumbo. Vidole vyake vilikuwa na bluu, njano na weusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa, na mtaa mzima ulimwita Wino.

"We Wino, mbona unanifukuzia mteja?"

"Simfukuzi. Nataka akirudi hapa arudi anacheka." Akamgeukia mshonaji. "Unataka kutoa nini, mama yangu?"

"Picha. Za mwanangu."

"Nyingi?"

"Kadiri atakavyowahi."

Fundi akaweka bisibisi chini. Hakuuliza kuwahi nini. Hilo nalo mshonaji aliliona.

"Basi nisikilize. Hiyo ndogo inakula katriji mbili za wino, moja nyeusi na moja ya rangi. Ile ya rangi ina vyumba vitatu ndani yake. Chumba cha njano kikiisha, unatupa katriji nzima, hata kama wekundu na bluu vimejaa. Picha thelathini, arobaini, kwisha habari. Ukibadilisha mara tatu ushanunua printa nyingine. Ni kama mtu akupe mbuzi bure, halafu majani ukanunue kwake kila asubuhi, kwa bei aipendayo yeye."

"Na hili kubwa hapa?"

"Hilo ni la tangi. Bei yake inauma, lakini inauma mara moja. Wino unamimina kwa chupa, kila rangi na tangi lake, na chupa moja inakwenda mamia ya picha. Ni gumu pia. Mengi ninayoletewa hayajaharibika, yametelekezwa." Akainua kidole cha bluu. "Ila lina masharti mawili. Kila wiki litoe picha moja, hata ya mbuzi, wino usije ukakaukia kwenye kichwa chake cha kuchapia. La pili, lizime kwa kitufe chake. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi nyumbani kujifunika. Ukichomoa waya ukutani huku linawaka, kichwa kinalala nje, kama mlevi mtaroni."

Dada muuzaji akacheka. Mshonaji naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa bado yamenasa kwenye bei. Siku tatu baadaye aliuza cherehani yake ya kudarizi, akarudi kulichukua lile la tangi.

Mwanawe wa kike alikuwa mwalimu, na Mwalimu ndilo jina lililombakia hata baada ya kuacha kusimama darasani. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka daktari akaacha kuzungumzia miaka na kuanza kuzungumzia wiki. Alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, aliyeitwa Kifaranga kwa sababu hakumwacha mama yake hatua moja. Baba wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke.

Mwalimu alichagua kwenye simu yake picha sitini. Alitaka kila moja aishike, aigeuze, amwandikie mtoto neno nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe. Studio hakutaka kuisikia. Mpiga picha wa pale aliwahi kuitundika dirishani picha ya mgonjwa mwingine, eti karatasi imetoka vizuri.

"Kipara changu hakitakuwa tangazo la biashara ya mtu," alisema Mwalimu.

Basi printa ikawekwa juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya kitanda, na kila Jumamosi mashine ilifanya kazi. Mwalimu aliweka karatasi mwenyewe, moja moja, huku akimfundisha Kifaranga kama yuko darasani.

"Upande unaong'aa?"

"Unatutazama!"

"Na upande wa kuandikia?"

"Unatazama ukuta!"

"Mambo ya kinyume hayo," alisema mshonaji, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Sisi kwenye nguo, upande mzuri tunauficha ndani mpaka mshono wa mwisho."

"Ndiyo maana shati la mkuu wangu wa shule lilirudi na mfuko ndani, Mama."

"Mfuko ule aliutaka mwenyewe! Mkewe alikuwa anampekua."

Walicheka siku hiyo mpaka Mwalimu akashika ubavu. Picha zilitoka, tatu, nne kila Jumamosi, zikaandikwa nyuma, zikaingia kwenye boksi la viatu. Zilipofika thelathini na saba, Mwalimu alizidiwa, akalazwa hospitali.

Alilazwa wiki tatu.

Jumamosi ya kwanza Kifaranga alivuta kigoda mpaka mezani. "Bibi, leo ndiyo siku yake."

"Wino ni wa mama yako huo, mke mwenzangu. Tunamwekea. Akirudi aukute umejaa."

Na kwa kweli alikuwa ameshaitunza printa ile kwa namna anayoijua yeye. Miaka arobaini hakuna cherehani ya mota iliyolala na umeme nyumbani kwake. Siku ile ya kwenda hospitali, katika kukusanya shuka na vikombe, aliuvuta waya ukutani, akaifuta mashine vumbi, akaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kila alipopita aliyaangalia yale matangi, rangi zimetulia, hata tone halijapungua, moyo wake ukapoa kidogo.

Mwalimu alirudishwa amebebwa juu ya kiti na majirani wawili, ambao walivua viatu mlangoni bila mtu kuwaambia. Hospitali haikuwa na la zaidi. Jumamosi akaomba simu yake, akaomba printa.

Picha ya kwanza ilitoka ya kijani. Mashavu, midomo, mikono, vyote vya kijani kama ukungu wa mkate.

Mwalimu aliitazama sana. "Kumbe naoza kabla sijafa," akasema, akacheka peke yake.

Wino alikuja mchana uleule, na begi lake na bomba la sindano. Aliuchomoa mrija wa tangi jekundu, akapitisha maji ya uvuguvugu, akangoja, akajaribu, akapitisha tena. Saa nzima. Karatasi ya majaribio ilitoka na mistari ya bluu, ya njano na myeusi. Mahali pa mistari myekundu palikuwa peupe.

"Umegandia ndani ya kichwa," alisema. "Mashine hii ilichomolewa ukutani?"

Mshonaji akafungua mdomo.

"Mimi, Wino," alisema Mwalimu kutoka kitandani. "Niliichomoa siku ya kwenda hospitali. Nilichanganyikiwa."

Fundi alimtazama yule mgonjwa asiyeweza kujinyanyulia kikombe, akatazama waya ulioko nyuma ya meza, mahali asipoweza kufika. Kisha akaanza kukunja begi lake. "Hutokea," alisema. "Kichwa kipya kinaagizwa. Wiki tatu, labda nne."

"Sina," alisema Mwalimu, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Mshonaji alishika ncha ya kile kitambaa alichokidarizi, akawa anakivuta nyuzi.

Kesho yake Mwalimu aliomba karatasi za picha ambazo hazijatumika. Akaomba na kalamu ya ncha laini, maana nguvu ya kukandamiza kalamu ya kawaida hakuwa nayo. Akazipanga migongo juu, karatasi ishirini na tatu, akazitia namba pembeni kufuata mpangilio wa picha kwenye simu, akaanza kuandika. Iliyokuwa na picha na isiyokuwa na picha, kwake sasa ilikuwa mamoja. Aliandika siku tano. Siku ya kwanza herufi zilisimama wima kama za ubaoni. Ya tatu zikaanza kuteremka kilima.

"Nyuma ziko tayari," alimwambia mama yake, akimpa bahasha. "Mbele mtamalizia nyinyi. Usizisome zote kwa mkupuo, Mama. Moja kila Jumamosi, uwe na Kifaranga. Mashine ipate kazi, na mtoto apate neno."

"Nimesikia, mwanangu." Kisha akashindwa kujizuia. "Kwa nini ulimdanganya fundi?"

"Ungelia mbele yake. Na ulikuwa hujala tangu asubuhi."

Alifariki Jumanne, chai yake ikiwa bado ya moto.

Kichwa kipya kilifika wiki ya nne. Wino alikileta mwenyewe, akakifunga, akatoa karatasi ya majaribio yenye mistari yote, na alipoulizwa gharama ya ufundi akasema ameisahau. Akaweka picha zote tayari kwenye simu, ikabaki kubonyeza tu. Akaondoka.

Jumamosi mshonaji alinawa mikono, akaikausha, akakaa na Kifaranga mbele ya mashine. Akatoa karatasi namba moja kutoka kwenye bahasha. Hakuisoma. Alitaka waisome pamoja ikishatoka, kama alivyoambiwa. Akili yake ilikuwa kwa mwanawe, na mikono ikiachwa peke yake hufanya iliyoyazoea. Mikono yake, kwa miaka arobaini, ilikuwa imezoea kuficha upande mzuri ndani.

Mashine ikaivuta karatasi.

"Bibi," alisema Kifaranga. "Unaong'aa unatazama ukuta."

Mshonaji alibonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine. Mashine haikujali. Picha ikateremka taratibu, mstari kwa mstari, juu ya maandishi: nywele nyeusi za Mwalimu alipokuwa bado na nywele, shuka ya hospitali, kichanga ndani yake kimekunja ngumi. Ilikuwa picha ya siku Kifaranga alipozaliwa. Upande ule haukuumbwa kunywa wino, na wino ukasimama juu yake kama jasho. Mshonaji aliishika, akaipangusa kwa ncha ya kanga, haraka, kama mtu anayezima moto. Uso, nywele na maneno vikaburutana, vikawa tope moja. Juu kabisa, kwenye ukingo ambao picha haikufika, yalisalimika maneno: Usisahau ku...

Basi.

Mtoto aliyekwishajua kusoma aliyasoma. "Nisisahau nini, Bibi?"

Mshonaji angeweza kusema lolote. Kusali, kusoma, kumpenda bibi yako. Mtoto angeamini.

"Sijui," alisema. "Sikuisoma. Nimeiharibu, mke mwenzangu. Na ile siku, waya niliuchomoa mimi."

"Mama alisema ni yeye."

"Alisema hivyo ili anifunike."

Kifaranga aliiangalia mashine, akamwangalia bibi yake. Hakulia. Aliteremka kwenye kigoda, akaenda kusimama kwenye kona kilipokuwa kitanda, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Wino alipoitwa, hakusema "nilikwambia". Alizitoa zile karatasi ishirini na mbili zilizobaki, akazilaza mezani migongo juu, akazipiga picha zote kwa simu, moja baada ya nyingine, zisije zikapotea tena. Alipiga huku uso ameugeuzia dirishani, asisome. Ilimbidi arudie nyingine mara mbili tatu kwa sababu hiyo. Kisha akabandika utepe mwekundu mahali pa kuwekea karatasi, akasema, "Inayong'aa iugonge huu, mama yangu."

Jumamosi zikafuatana. Hakuna nyingine iliyoharibika. Nyuma ya picha ya pwani ya mchanga Mwalimu alikuwa ameandika kwamba maji yalikuwa baridi na Kifaranga aliyatukana. Nyuma ya picha ya jikoni, namna ya kujua sufuria imechemka kwa kusikiliza. Mtoto aliyasoma kwa sauti, akayarudia, na kila baada ya kusoma aliirudia ile namba moja.

"Labda usisahau kupiga mswaki."

"Labda."

"Labda kufunga mlango."

"Labda."

"Wewe ungeandika nini?"

Mshonaji akaitia picha ya siku hiyo kwenye boksi.

Herufi ziliendelea kuteremka kilima. Karatasi ya ishirini ilikuwa na maneno matatu. Ya ishirini na mbili ilikuwa na mstari tu, wa kalamu iliyoteleza. Ya ishirini na tatu ilikuwa na namba pembeni, na mgongo uliobaki ulikuwa mweupe. Waliitoa, wakaitia kwenye boksi.

Jumamosi iliyofuata Kifaranga alikuwa kwenye kigoda kabla ya bibi yake. Matangi yalikuwa bado zaidi ya nusu. Wino hakuwadanganya, mashine ile ilikula kidogo sana.

"Hatuna karatasi ya Mama tena," alisema bibi.

"Lazima itoe moja. Hata ya mbuzi."

Wakachukua karatasi mpya, isiyo na kitu, upande unaong'aa ukagonga utepe mwekundu, wakatoa tena namba moja. Ilitoka safi, mashavu mekundu, ngumi ya kichanga inaonekana hadi kucha. Kifaranga aliisubiri ikauke, akaigeuza. Akautazama ule weupe wa nyuma kwa muda, kama mtu anayesoma.

"Usisahau nini, Bibi?"

Mshonaji alibonyeza kitufe cha kuzimia. Akangoja mpaka aliposikia kichwa kikirudi nyumbani na kujifunika.

"Sijui, mke mwenzangu," alisema. "Sijui."