Karatasi Tatu za Masouda

Fomu ya chuo ilifika Matrah, Omani, mwezi wa Oktoba, mwaka 1970. Aliyeileta alikuwa Aflah, na shaka ilianzia hapo hapo.

Aflah alikuwa karani katika ofisi ya mawakala wa meli. Alikuwa mtu wa Unguja kama Masouda na mama yake, mpole, kanzu yake ya dishdasha haina hata tone la wino. Lakini Waunguja wa Matrah walikuwa na jambo moja wasilomsamehe. Baada ya mapinduzi, wenzake walipokimbia na roho zao, yeye alibaki kule miezi minane mizima, kisha akatoka salama.

"Aliachwaje?" Ami Marhoon hakuchoka kuuliza. "Watu hawaachwi bure."

Marhoon alikuwa ndugu wa marehemu baba yake Masouda. Baba alifia Dubai, walikokaa miaka kadhaa njiani, na tangu hapo Masouda na mama yake, Bi Kheiria, walikaa kwa huyo ami. Masouda alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisoma skuli Unguja, akamalizia Dubai, na sasa alikuwa akiwafundisha hesabu watoto wa majirani. Chuo cha ualimu cha Beirut kilitaka wasichana kumi na wawili tu kutoka Ghuba nzima. Juu ya vyeti kilitaka na insha ya Kiingereza, mwombaji aeleze jambo moja lililomfika likamfanya awe alivyo.

"Andika habari za maua," alisema Ami Marhoon. "Maua hayana serikali."

"Ami, tangu Julai, alipoingia sultani mpya, mambo si yale tena. Milango ya mji iko wazi, watu wanasafiri."

"Leo iko wazi. Barua ikitoka hapa husomwa na macho manne kabla ya kufika. Na hayo macho hujui ya nani."

Masouda alicheka, lakini maneno yalimwingia. Hasa kwa kuwa Aflah alizidi kumwuliza. Wiki ya kwanza alisema, "Umeshapata la kuandika?" Wiki ya pili akauliza vile vile. Ya tatu alipunguza sauti, akasema, "Au utaandika ya kule?"

"Kwani wewe yakuhusu nini?"

"Nauliza tu, dada yangu."

Masouda alijaribu kuandika ugonjwa wa baba yake, akachana. Alijaribu safari yao, akachana. Siku moja baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala, mkono wake ulianza kukimbia peke yake. Aliandika jinsi watu wenye bunduki walivyogonga mlango wao Unguja wakimtaka baba yake, naye baba kajificha darini. Aliandika kwamba yeye, mtoto wa miaka kumi na tatu, alikuwa nyuma ya pazia. Akamwona mama yake kizingitini, ameinua mkono, akiionesha nyumba ya ng'ambo, nyumba ya Bwana Bakhit. Wale watu wakavuka njia. Bwana Bakhit akatolewa miguu mitupu, asirudi tena.

Hakuwahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu yeyote. Zilitimia karatasi tatu. Akazikunja, akazificha chini ya nguo zake sandukuni.

Siku ya pili yake alikwenda kwenye khitma ya jirani. Aliporudi, karatasi hazikuwamo.

"Nani kaja hapa?" alimwuliza ami yake.

"Aflah. Kakaa sebuleni na mama yako, kisha akaondoka kama mtu anayefukuzwa."

Masouda hakungoja mengine. Alijitupia buibui lake, akapita vichochoro vya soko mpaka ofisini kwa Aflah, akasimama mlangoni. Aflah alikuwa peke yake mbele ya mashine ya chapa.

"Karatasi zangu umempelekea nani?"

Aflah alibadilika rangi. "Sina karatasi yako. Kamuulize mama yako."

"Usimtie mama yangu. Ulikuwa ukinichimba tangu siku ya kwanza. Sasa nnajua kwa nini walikuacha kule miezi minane. Kazi ile ile unaifanya hapa."

Aflah aliondoa vidole vyake kwenye mashine. "Mama yangu alikuwa amepooza," alisema. "Hakuna chombo kilichokubali kumchukua. Nilikaa naye mpaka nikamzika. Wanne tu tulilibeba jeneza, maana hakukuwa na watu. Nilikuwa nakuuliza kwa kuwa nilitaka kujua kama yupo mtu atakayeyasema ya kule. Mimi siwezi."

Masouda aligeuka, akaondoka. Njia nzima alijiambia kuwa mwongo hodari husema hivyo hivyo. Miguu yake ndiyo iliyokataa kuamini kuwa Aflah ni mwongo, ikawa inakwenda polepole.

Alimkuta mama yake chumbani, akishona kofia. Karatasi tatu zilikuwa juu ya mkeka, mbele yake.

"Nimezichukua mimi," alisema Bi Kheiria. "Siku hizi ukiandika unanitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwita Aflah anisomee, maana Kiingereza sikijui. Karatasi tatu kazimaliza kwa maneno ya nusu karatasi, tena hakunitazama usoni. Nikajua kuna kitu kanifichia. Haya, nisomee wewe."

"Mama, haina maana. Ni insha tu ya—"

"Soma, mwanangu."

Masouda alisoma, akigeuza Kiswahili mstari kwa mstari. Hata alipofika kwenye pazia hakusimama, akaendelea mpaka mwisho. Sindano ya Bi Kheiria ilikuwa imesimama.

"Wewe umeona mkono tu," alisema mama. "Hukuona kilichofuata. Waliniambia, tukigonga sisi hatofungua, njoo ugonge wewe. Nikaenda. Nikamwita kwa sauti yangu, 'Bwana Bakhit, mimi jirani yako.' Akafungua."

Masouda aliweka karatasi chini.

"Nilijua kuwa yumo peke yake," mama aliendelea. "Mkewe alikuwa kwao shamba. Niliwaza, mtu mmoja kwa mmoja. Baba yako nilimwambia wamekosea nyumba, akafa anaamini."

Kumbe ndiyo maana Bi Kheiria hakukanyaga mji wa Sib hata siku moja, si harusi si msiba. Mjane wa Bwana Bakhit, Bi Nasriya, alikuwa akikaa huko.

"Hii hutoipeleka," alisema mama. "Si kwa kunionea haya. Watu wa Beirut hawawezi kuijua kabla ya Nasriya."

Asubuhi ya pili walipanda Landrova ya abiria mpaka Sib. Bi Nasriya aliwapokea vizuri, akaleta tende, akanyanyua buli la kahawa. Bi Kheiria alimwomba aliweke chini kwanza. Kisha akasema yote, bila kulia na bila kujitetea, mpaka lile neno la "mimi jirani yako".

Bi Nasriya alilisukuma buli pembeni.

"Miaka sita," alisema, "nilidhani aliyemchongea ni Muslim, kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa na ugomvi wa shamba na mume wangu. Alikuja hapa kunisalimu na watoto wake, nikamfungia mlango. Watoto wamesimama juani, nami nawasikia." Akainuka. "Ondokeni kwangu."

Kahawa haikumiminwa. Waliondoka.

Zilibaki siku tatu kufunga maombi. Masouda alikaa akaandika insha nyingine. Aliandika juu ya siku aliyosimama kwenye mlango wa ofisi akamtuhumu mtu aliyebaki nyuma kumwuguza mama yake, na jinsi alivyokuwa na hakika. Alimpelekea Aflah mwenyewe, akamwomba radhi. Aflah aliisoma mara mbili.

"Hapa umeniita mpole," alisema. "Futa. Watadhani unanipamba."

Akaipiga chapa, akaitia bahasha.

Jibu lilikuja Disemba. Masouda amekubaliwa. Ami Marhoon aliigeuza bahasha huku na huku akitafuta alama ya kufunguliwa. Hakuiona, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Bi Kheiria alianza kwenda Sib kila Alkhamisi. Mara mbili aligonga, hakufunguliwa. Mara ya tatu mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye mvi, akajitambulisha kuwa ni Muslim, kaka yake Bi Nasriya.

"Bado hataki kukuona," alisema. "Wala mimi sijui kama nataka. Lakini jua kali. Kaa barazani."

Bi Kheiria akakaa mpaka alasiri, kisha akatafuta gari ya kurudi Matrah.