Usiwaonyeshe Alipo

Wazazi wenzangu, haya nayaandika muyashike. Usingizi unanichukua nikiwa kando ya Zawena, binti yangu, anayetengeneza programu za kompyuta hapa hapa nyumbani. Ananieleza kinachomchosha: ana programu mbili, kila moja imeandikwa kwa lugha yake, na hii ikiipa nyingine kitu haiipi nakala, inaionyesha tu kilipo. Sasa ile nyingine ikikisoma vibaya, mama, inakiharibu kitu chenyewe. Naitika ndiyo, ndiyo, kope nzito, na sakafu inakuwa barabara.

Natembea. Barabara inajikunja, inarudi, inakuwa nyingine, na miji iko miwili, mmoja kama kioo cha mwenziwe, nyumba zile zile ila maneno ya milangoni siyajui. Getini kuna mtu asiye na uso. Karibu, mama, una mtoto? Ninaye, Zawena. Tunamhitaji kazini. Nacheka, namwambia mtoto wangu simtoi, labda picha yake. Picha ya nini, mama'angu, tuonyeshe tu alipo, yeye hatoki nyumbani. Sioni hasara, na hapo ndipo ninapokosea, wenzangu: nashika chaki, naandika ukutani mtaa, nyumba, chumba, na umri wake, ishirini na mbili, wasije wakamchanganya na mtu mwingine. Watu wa mle wanasoma kwa lugha yao. Ishirini na mbili, wanasema, kilo. Na kwenye kioo kikubwa namwona Zawena wangu, kule kule nyumbani, mezani kwake, anakonda, mashavu yanaingia ndani, blauzi inamning'inia kama imeanikwa. Acheni! Huo ni umri! Hapa hatuna umri, anasema yule mtu, tuna uzito. Si mlisema hamumchukui? Hatujamchukua, mama. Kitu gani ukinipa hakikutoki, nikikivunja kinavunjika kwako? Kamtegee mama yako hicho kitendawili! Mimi hata cheti changu cha darasa la saba sijawahi kumwachia mtu, napeleka kopi yenye muhuri, halisi inabaki kabatini, leo nimewapa mtoto mwenyewe! Naufuata ukuta. Ukifuta, ananiambia taratibu, na wewe hutajua tena njia ya kwenda kwake, utapotea. Basi nipotee. Natema mate kiganjani, nafuta mtaa, nafuta nyumba, mikono isiyo na watu inanivuta kanga, nawaachia kanga, nafuta chumba, nafuta na umri. Kioo kinazimika. Barabara zote zinaondoka, mji unanizunguka kama sijawahi kuzaa. Zawena! Hakuna pa kwenda, naita vilevile. Zawena!

Abee, mama, mbona unapiga kelele? Niko kitini, yuko mbele yangu. Namkumbatia, napapasa mgongo, mabega, siwezi kusema kama alikuwa hivi siku zote au amepungua. Mama, unanivunja mbavu! Afadhali unazo. Nje mtu anabisha: hodi, ndipo hapa kwa Zawena? Sauti siijui. Nani kakuelekeza, nauliza. Nimeonyeshwa tu, mama. Zawena anataka kuinuka, nambana. Mama, labda ni mtu wa kazini. Labda. Sijui kama nimeamka au bado niko kule, na sitangoja nijue. Hodi inapigwa tena, nami napaza sauti majirani wote wasikie: hapa hakuna Zawena!