Nyimbo Zilizohamia Kibabii

Jumapili ya pili ya Machi, saa nne na dakika tano asubuhi, Jepchumba aligonga kipaza sauti kwa ukucha, akawasalimu waumini, akawaomba wasimame. Kanisa lao lilikuwa la mabati ya samawati, kando ya barabara inayotoka Kitale kwenda Endebess. Mvua ilikuwa imeanza, na wengi walikuja na udongo wa shamba kwenye viatu. Salamu yake ilisikika mpaka nje, pikipiki zilipoegeshwa. Kisha akaanza wimbo, na wimbo haukusikika.

Midomo yake ilicheza. Kinanda kilibonyezwa, ngoma zikapigwa, watu mia mbili wakafungua vinywa, na kanisani mlikuwa kimya. Jepchumba alimaliza ubeti, akarudia kiitikio mara nne kama kawaida, kisha akasema, "Tumpigie Bwana makofi." Maneno hayo yalisikika. Makofi hayakusikika. Pasta Kipyegon akapanda jukwaani, akahubiri dakika hamsini bila neno lake hata moja kupotea. Matangazo nayo yalisikika, pamoja na lile la mbegu za mahindi zilizosahauliwa chini ya benchi.

Mzee wa kanisa Hesbon, aliyesimamia vyombo, alibadilisha nyaya zote wiki hiyo. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Walifunga siku tatu. Pasta alifundisha upya tofauti ya sifa na kuabudu: tunamsifu Mungu kwa aliyotenda, tunamwabudu kwa vile alivyo. Alihofu kwamba pengine walikuwa wanarukia kuabudu kabla sifa hazijakwisha. Wakajaribu kuanza na nyimbo za kasi, halafu wakajaribu kuanza na za polepole. Zote hazikusikika. Jepchumba mwenyewe alikuwa amewafundisha vijana somo hilo mara nyingi, na ubaoni alikuwa akilichora kama ngazi. Sasa alilala akijiuliza kama mtu aliyeimba bila kusikika ameimba, na kama zamani, alipokuwa akisikika, alikuwa akimwimbia nani.

Wiki ya nne ikaja simu kutoka Bungoma. Mpigaji alikuwa Mama Kizito, mwenye duka dogo huko Kibabii, ambaye miaka ya nyuma alisali nao. Alimweleza Pasta kwamba nyimbo zao zinasikika kila Jumapili jikoni kwa Nabwile, jirani yake. Zinaanza saa nne na dakika tano, zinatokea kati ya mafiga na kabati la vyombo, na zinafika nzima, na makofi yake. Sauti ya Jepchumba aliitambua mara moja. Alipiga tu ili wasihangaike kuzitafuta.

Nabwile alikuwa mama mzazi wa Lenah, na Lenah alikuwa mke wa Hesbon.

Lenah ndiye aliyeongoza sifa katika kanisa lile kwa miaka kumi na mmoja. Mwezi wa Novemba, katika chumba kilicho nyuma ya jukwaa, alifungua blauzi akamwonyesha Jepchumba mgongo wake. Ulikuwa na alama za mkanda, nyingine zimekuwa makovu, nyingine bado mbichi, na mahali pamoja chuma cha mkanda kilikuwa kimeacha umbo lake zima. Alimwomba aende mbele ya baraza la wazee aseme alichokiona. Jepchumba alikwenda. Alipoulizwa, alisema kwamba mwanga wa kile chumba ni hafifu. Wazee wakamshauri Lenah azidishe maombi na apunguze maneno, wakaunganisha mikono yake na ya Hesbon, wakawaombea. Lenah alirudi kwao na begi moja. Jumapili iliyofuata Jepchumba akakabidhiwa kipaza sauti.

Siku ya Alhamisi Pasta, Jepchumba na Hesbon waliondoka Kitale kwa gari la Pasta. Hesbon alishuka dukani kwa Mama Kizito, akaagiza soda, akasema atawangoja hapo. Nabwile aliwapokea wageni wawili kwa chai na viazi vitamu. Hakuwa na malalamiko makubwa. Majirani huja na viti vyao, alisema, na hawachafui. Ila kuku wake aliyekuwa akiatamia karibu na mafiga ameyaacha mayai kwa sababu ya ngoma.

Lenah aliketi mlangoni akichambua mboga ya mrenda. Pasta alimweleza kwa upole kwamba kanisa linaumia, kwamba Mungu hukaa katika sifa za watu wake, na kwamba familia sita zimeshahamia kwingine. Alitaka kujua ni lini ataziachilia nyimbo.

"Pasta, mimi sijaziita," Lenah alisema. "Zinakuja zenyewe. Zikiisha nafagia, naendelea na kazi."

"Na wewe huwa unaimba nazo?"

"Hapana. Naketi tu. Sijui zinataka nini kwangu."

Aliendelea kuchambua majani kwa muda. Kisha akasema kwamba ana jambo moja tu. "Hiyo maneno ya Novemba isemwe mbele ya kanisa, huyo mwanaume akiwa ameketi pale. Na huyu dada aseme chenye aliona. Pengine nyimbo zitarudi, pengine zitakataa, hiyo sijui. Lakini isemwe."

Pasta alisema kwamba hilo ni jambo zito na kwamba atalifikisha kwa baraza. Akaomba, akashukuru kwa chai.

Lenah alimsindikiza Jepchumba hadi kwenye ua. Walipofika kwenye lango la miti alimwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama siku ile kulikuwa na giza kweli. Jepchumba alijibu kwamba amekuwa akiliombea jambo hilo. Lenah akamfungia mrenda kwenye gazeti, akamwambia asiuache ukae sana, utanyauka.

Baraza lilikutana Jumatano. Ombi la Lenah likaandikwa kuwa linahitaji maombi zaidi. Jambo la pili, la kuzirudisha nyimbo, halikuchukua muda. Hesbon alieleza kwamba dirisha la jikoni kwa mama mkwe wake linatazama njia ya watu wote, kwa hiyo Mama Kizito anaweza kusimama pale na simu bila kumsumbua mtu, naye Hesbon ataiunganisha simu yake na spika za kanisa. Wazee walimpongeza kwa hekima aliyopewa.

Jumapili hiyo nyimbo zilirudi. Zilichelewa kiasi cha pumzi mbili: Jepchumba aliimba, kukawa kimya, halafu sauti yake ikaja kutoka Kibabii na kujaza kanisa. Watu walilia. Hesbon aliitwa mbele akawekewa mikono. Kufikia Mei zile familia sita zilikuwa zimerudi, na watu wengine walianza kutoka mbali kama Tongaren, kwa kuwa ilisemekana kwamba sifa za kanisa hilo zina upako wa ajabu.

Jepchumba alizoea kuimba akijingoja. Nyuma ya sauti yake alisikia sufuria zikisuguliwa na mtu akikohoa. Hakujua Mungu anapokea wimbo upi, ule unaotoka kinywani mwake au ule unaotoka kwenye spika, wala kama anaupokea wowote. Alimwuliza Pasta. Pasta akamwambia asichunguze sana baraka.

Jumapili ya tatu ya Mei, kati ya wimbo wa pili na wa tatu, alikuwa amesimama amefumba macho, mkono mmoja juu. Ndipo simu ikaleta sauti nyingine. Ilikuwa ya Lenah, naye hakupaaza sauti. Ilielekea alikuwa amekuja karibu na dirisha.

"Wewe uliniona," alisema. "Uliniona vizuri."

Waumini walikuwa wameshazama katika kuabudu. Mikono iliinuka benchi kwa benchi. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alipiga magoti, akawa anarudia huku akilia, uliniona, Bwana, uliniona. Hesbon aliongeza sauti kidogo kwa sababu simu ilikuwa inakwaruza.

Jepchumba alifumbua macho. Alijua kwamba akisema atasikika, maana maneno ya kawaida hayakuwahi kuhama. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Mbele yake watu mia tatu walikuwa wananong'ona maneno yale, na pembeni Pasta alikuwa akimwashiria kwa kichwa aendelee.

Alivuta pumzi, akaanza wimbo wa tatu. Pakawa kimya. Halafu wimbo ukafika kutoka Kibabii, mzuri sana, na watu wakaupokea.