Hewa ya Kitanda cha Sita

Mama Shiru asema hivi: Jumanne, saa kumi na moja kasorobo, alikuwa ameketi mlangoni pake Riruta akibambua maganda ya minji, Peres akaingia getini akitoka kazini. Nyuma ya Peres iliingia hewa. Haukuwa upepo, asema Mama Shiru, maana nguo kwenye kamba hazikutikisika. Ilikuwa hewa tu, safi, baridi kidogo, yenye harufu ya beseni jipya. Ilingoja Peres afungue kufuli yake na kutua mkoba, kisha ikageuka, ikampita Mama Shiru bila kumwaga hata punje moja, ikaingia ndani mpaka kwenye kiti cha mumewe, Gerishon.

Gerishon alikuwa na wiki tatu hajalala chali. Miaka kumi na minane ya kukata mawe ilikuwa imemjaza vumbi kifuani, akawa analala ameketi, kidevu magotini, akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Hospitali ya serikali walimpa maski ya oksijeni, akaivaa kwa zamu na wenzake wawili, kisha wakamwambia akapumzike nyumbani. Hewa ilipomfikia aliinua kidevu, akauliza kama kuna chai.

"Nikamwambia majani yameisha," Mama Shiru humalizia. "Akaanza kunigombeza. Hapo ndipo nilijua mzee amerudi."

Wapangaji wa ploti walisikiliza kama wanavyosikiliza habari kwamba maji yamerudi mferejini. Mmoja aliuliza ni siku gani itakuwa inakuja.

Hewa ile Peres aliijua. Alikuwa msichana aliyeishia darasa la nane, mwenye kuangalia sana na kusema kidogo, na kazi yake ilikuwa kupiga deki katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye hospitali moja ya watu wenye uwezo, upande wa Westlands. Vitanda ni vinane. Juu ya kila kitanda, ukutani, kuna koki ya oksijeni yenye kioo kidogo. Ukiifungua, kigololi hupanda ndani ya kioo kuonyesha ni lita ngapi zinatoka. Mgonjwa akiondoka, awe amepata nafuu au ameenda kusikorudiwa, koki haifungwi. Maski huachwa juu ya mto ikipuliza, na mashine kando ikipumua, ili mgonjwa mwingine akija akute kila kitu tayari. Kuna wakati haji siku tano.

Mwezi wake wa pili kazini, Peres alimwambia Sista Debra, mkubwa wa wauguzi, "Sista, pale sita inamwagika."

"Maji? Si upanguse."

"Ni hewa."

"Hewa haipigwi deki, Peres. Songa mbele."

Basi hewa ya kitanda cha sita, kwa kuwa haikuwa na kifua cha kuingia, ilimfuata aliyeisikia. Ilitoka naye saa tisa kwa geti la nyuma, ambako soja hupekua wafanyakazi wa usafi peke yao, asije mmoja akaondoka na glavu.

"Leo umebeba nini?"

"Hewa ya kitanda cha sita."

Soja alichungulia mkobani, akapapasa mwavuli. "Hiyo haiko kwa orodha. Pita."

Walitembea kwa miguu mpaka Riruta, kila siku, Peres mbele na hewa nyuma. Wiki ya pili Gerishon alifika barabarani na kurudi. Wiki ya nne alipasua kuni, akagombana na mwenye nyumba juu ya choo, sentensi nzima nzima bila kutua katikati. Mama Shiru alitoa kiti nje asikilize ugomvi ule vizuri, kama mtu aliyeenda kusikiliza kwaya.

Mwaka huo ulikuwa wa mgao wa umeme. Daktari Muigai, mkuu wa chumba kile, mtu wa mtaa wa Kitisuru kwenye miti mingi, alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo na habari kwamba chumba kimoja cha mahututi hula umeme, plastiki na oksijeni zaidi ya wodi tatu, na dunia inaumia. Aliunda kamati ya mazingira. Karatasi za kijani zilibandikwa ukutani: KITANDA KITUPU, KOKI IFUNGWE. Alisema kweli, na Peres aliijua ile kweli, maana ilikuwa yake, ila sasa ilikuwa imevaa koti jeupe. Na kwa kuwa hakuna aliyezijua koki kama yeye, alipewa kazi ya kuzifunga, pamoja na beji ya plastiki.

Jumatatu alizifunga. Saa tisa alitoka getini, na hakukuwa na kitu nyuma yake. Jumatano Gerishon alikuwa kidevu magotini.

Mama Shiru alikuja mlangoni pa Peres. "Msichana wangu, hewa yetu imeenda wapi?"

"Imeokolewa, Mama Shiru."

"Haki? Imeokolewa kutoka kwa nani?"

Kesho yake Peres alizunguka nyuma ya jiko la hospitali kuliangalia tangi kubwa la oksijeni. Lilikuwa limejaa pomoni. Lori lililokuja kulijaza liligeuza, likarudi na mzigo wake.

Ijumaa kamati ilifanya sherehe kati ya kitanda cha tano na cha sita, vyote vitupu. Palikuwa na keki, na maji ya chupa, moja kwa kila mtu. Daktari Muigai aliwashukuru wote, akauliza kama kuna mwenye swali. Peres akainua mkono.

"Daktari, hewa tuliyookoa sasa ni ya nani?"

"Swali zuri. Ni ya mazingira."

"Mazingira yanakaa wapi?"

Wauguzi walicheka. Daktari hakucheka, alikuwa mtu wa adabu. "Mazingira ni sisi sote, Peres."

"Basi mmoja wa sisi sote yuko Riruta. Anaitwa Gerishon, mkata mawe. Alikuwa akitumia ya kitanda cha sita. Sasa hivi ameinama."

Daktari hakubisha kwamba hewa hutembea. Alisema tu, kwa upole, kwamba Gerishon hana faili hapa.

Peres aliweka keki yake juu ya meza ya dawa, akaenda kitanda cha sita, akafungua koki. Kigololi kikapanda mpaka mbili.

"Funga, Peres," akasema Sista Debra.

"Zile zingine nimefunga, Sista, na nitazifunga hata mkiniita Jumapili. Nyinyi hii mlikuwa mnaimwaga. Mimi naituma."

Sista Debra alitazama kigololi. Akachukua karatasi yake ya vitanda na, mbele ya sita, akaandika: inatumika.

"Jumatatu fundi ataweka kufuli hapo," Daktari alisema.

Hewa ilishuka kutoka juu ya mto wa kitanda, ikaelekea mlango wa nyuma peke yake, maana njia ya Riruta ilishaijua. Waliokuwa njiani walisogea ipite, kama unavyompisha mtu aliyebeba sufuria ya moto. Daktari Muigai naye alisogea, akashika tai yake isipeperuke, kisha akarudi kukata keki iliyobaki vipande vilivyo sawa.

Peres hakuutoa mkono wake kwenye koki.

"Daktari," alisema, "kabla ya Jumatatu, naomba uandike kwa ile karatasi ya kijani: kitanda cha sita kina mtu. Jina lake nitakuandikia mimi."

Daktari aliuliza nani bado hajapata keki.

"Daktari. Naomba uandike."